Cleopa Msuya, Mtu wa Usangi Aliyekabidhiwa Hesabu Ngumu

Mwanzoni mwa mwaka 1945 maelfu ya wanaume wa Upare waliteremka kutoka milimani, wakapiga kambi Same mbele ya ofisi ya mkuu wa wilaya wa Kiingereza, na wakakataa kuondoka. Kilichowaleta kilikuwa kodi. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeamua kwamba, juu ya kodi ya kichwa ambayo kila mwanamume mzima alilipa sawa na mwenzake, iongezwe nyingine ya kupima mali ya mtu: huyu ana ng'ombe wangapi, yule ana mibuni mingapi. Ili imezeke kirahisi ikapewa jina la zamani la ushuru waliokuwa wakipewa watawala wa jadi, mbiru. Haikumezeka. Wapare walitaka kujua nani atakayeingia bomani mwa mtu kuhesabu mifugo yake, na kwa kipimo cha nani. Jibu la kuwaridhisha halikupatikana, na mgogoro ukaburuzwa miezi na miezi.

Mwaka uliofuata wanawake wa Usangi nao wakaingia barabarani. Wanaume wako bondeni wanagombana na Serikali, mashamba yamelala, watoto wanataka kula. Wakamkabili mkuu wa wilaya uso kwa uso wakidai amalize jambo hili awarudishie waume zao. Mwaka 1947 mbiru ikafutwa. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyezaliwa katika milima hiyohiyo, aliutungia mgomo huo kitabu kilichochapishwa mwaka 1971, na tangu hapo wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameufahamu kama moja ya harakati za wakulima zilizoitangulia TANU.

Siku Wapare walipokuwa wamejazana Same, katika kijiji cha Chomvu, Usangi, palikuwa na mvulana wa miaka 14 aliyeitwa Cleopa David Msuya. Alizaliwa tarehe 4 Januari 1931. Miaka arobaini hivi baadaye, mtoto huyo wa watu waliokesha nje kwa ajili ya kodi ndiye aliyekuwa ameshika Wizara ya Fedha wakati Serikali ya Tanzania ilipoirudisha kodi ya kichwa, safari hii kwa jina la kodi ya maendeleo. Watani wa Wapare, hasa Wachaga, wangeweza kucheka wiki nzima kwa hilo.

Utani wenyewe unajulikana. Mpare, wanasema, yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Anaijua shilingi yake ilikolala. Wapare hawaukatai sana utani huo, na wengine huuvaa kama nishani. Kwa mtu aliyekabidhiwa hazina ya nchi maskini mara mbili, tena katika vipindi vya ukame, vita na madeni, pengine si sifa mbaya.

Jina Msuya kwa Wapare ni jina la ukoo, kama Mshana, Mgonja, Mbwambo au Mmbaga. Simulizi za kale zinaeleza kwamba Wasuya ndio waliowanyang'anya Washana, ukoo wa wahunzi, utawala wa Ugweno, upande wa kaskazini wa milima. Mmoja wa watawala wao wa mwanzo, Mranga, anakumbukwa zaidi kwa kupanga utawala kuliko kwa vita: aliweka mabaraza, akagawa madaraka, akausuka ufalme ukawa na ngazi. Hakuna haja ya kulivuta jambo hili likawa utabiri. Lakini anayetaka kumwelewa Cleopa Msuya aanzie hapo, kwenye kupanga. Jukwaa halikuwa kwake. Kati ya wanasiasa wa enzi yake, Sokoine aliwasisimua watu, Mrema aliwafanya wapige makofi, Kawawa aliwafanya wakimbie. Msuya alisoma faili mpaka ukurasa wa mwisho.

Usangi iko juu, katika Pare ya Kaskazini. Kutoka Same unafuata barabara kuu ya kwenda Moshi, unapita Lembeni na Kisangara, unafika Mwanga, kisha unaiacha lami ya bondeni na kuanza kupanda kona baada ya kona kuelekea Kikweni. Chini kuna jua kali na mkonge. Juu kuna migomba, kahawa, ukungu wa asubuhi na msitu wa Kindoroko. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig waliifikia Pare ya Kaskazini mwaka 1900, wakaanzia Shighatini. Waadventista walitangulia kukita mizizi kusini, wakaanza mwaka 1903 huko Giti, karibu na Mamba. Uislamu nao ulikwishapanda mlima na kupata waumini wengi, Usangi ikiwemo. Matokeo yake ni kwamba shule zilifika mapema, na ardhi ya kugawia watoto ikaisha mapema pia. Kijana wa Usangi asiye na shamba la kutosha alikuwa na njia moja ya kuaminika, nayo ilipitia darasani.

Njia hiyo ilimfikisha Msuya Makerere, Kampala, alikosoma kuanzia mwaka 1952 hadi 1955. Tanganyika ya wakati huo haikuwa na chuo kikuu chake, na waliofika Makerere walikuwa wachache mno. Nyerere alipita hapo katika miaka ya 1940, Mkapa angefika baada ya Msuya kuondoka. Aliporudi, mwaka 1956, aliajiriwa katika idara ya maendeleo ya jamii, akafanya kazi za vijijini hadi uhuru.

Kazi hiyo haikuwa ngeni kwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Upare ulikuwa na mpango mkubwa wa kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, na lilitoka hata gazeti la wilaya, Habari za Upare, kwa ajili ya hao waliokuwa wametoka tu kuijua herufi. Bwana maendeleo wa enzi hizo alikuwa mtu wa kulala kijijini, kusikiliza mabishano ya mfereji, kuhimiza barabara na choo. Watu wa Upare walikuwa na utaratibu wao tayari: msaragambo, siku ya kazi ya wote, ambapo asiyefika anatozwa faini, na ndiva, mabwawa ya kukinga maji ya mfereji usiku ili yagawiwe mashambani kwa zamu asubuhi. Ndiva inahitaji hesabu na inahitaji mtu asiyeogopa kumwambia jirani yake kwamba zamu yake imekwisha.

Baada ya uhuru ngazi alizipanda haraka, kwa sababu Waingereza walikuwa wanaondoka na viti vilikuwa vitupu. Mwaka 1964 alikuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Maendeleo ya Jamii na Utamaduni. Akahamia Ardhi, Makazi na Maji, kisha Mipango ya Uchumi, na mwaka 1970 akawa Katibu Mkuu wa Hazina. Miaka minane, wizara nne. Ilikuwa miaka ya Azimio la Arusha, benki na majumba yakitaifishwa, mashirika ya umma yakichipuka kila upande, na makatibu wakuu wachache wakikimbizana na maamuzi ambayo wanasiasa walikuwa wameshayatangaza redioni.

Februari 1972 Nyerere alilipangua baraza lake. Kawawa akawa Waziri Mkuu, madaraka yakapelekwa mikoani, na Msuya akaitwa kutoka kwenye meza ya katibu mkuu akakalishwa kwenye kiti cha waziri: Fedha, mahali pa Amir Jamal. Hivyo ndivyo alivyoingia katika siasa, kwa barua ya uteuzi. Hakupigania uhuru jukwaani, hakuwa na kadi ya zamani ya kujivunia mbele ya wazee wa TANU, na hilo lilimfuata mpaka mwisho.

Upare ulikuwa tayari na watu wake serikalini, nao walikuwa wa namna nyingine. Peter Kisumo wa Usangi alikuwa mwanachama wa damu, waziri na baadaye mdhamini wa CCM aliyesikilizwa na kuogopwa. Chediel Mgonja alipata kuwa Waziri wa Elimu ya Taifa. Ukiwaweka pamoja na Msuya unapata sura nzuri ya jinsi wilaya ndogo ya milimani ilivyojipenyeza katikati ya dola: mmoja kwa chama, mwingine kwa elimu, wa tatu kwa hesabu.

Hesabu zenyewe zilianza vibaya. Mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ilipaa, na ukame wa 1973 na 1974 ukailazimisha nchi kununua chakula nje wakati uleule wananchi walipokuwa wanahamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Akiba ya fedha za kigeni ikayeyuka. Mwaka 1975 Jamal akarudishwa Fedha, na Msuya akapelekwa Viwanda.

Hapo ndipo ulipo mlango wa kazi yake ambao wasifu za mazishini huupita haraka, na haifai kuupita. Mwaka 1975 Tanzania ilipitisha mkakati wa kujenga viwanda vya msingi ili iache kuagiza kila kitu nje. Msuya akawa msimamizi wake kwa miaka mitano. Vilijengwa au kupangwa viwanda vya karatasi, nguo, ngozi, saruji, zana. Kiwanda cha viatu cha Morogoro ndicho kilichokuja kuwa maarufu kuliko vyote, na si kwa wema. Kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikakusudiwa kutoa viatu jozi milioni 4 kwa mwaka, sehemu kubwa viuzwe Ulaya. Ulaya haikuviona. Kiwanda hakikuwahi kufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake, na jengo lenyewe lilijengwa kana kwamba Morogoro haina joto. Ni haki kusema kwamba wataalamu wa benki iliyokopesha waliusifu mradi huo kabla ya kuulaani. Ni haki pia kusema kwamba waziri aliyekuwa na wizara wakati michoro inapitishwa hawezi kukwepa kutajwa.

Tarehe 7 Novemba 1980 Nyerere alimteua Waziri Mkuu, kuchukua nafasi ya Edward Sokoine.

Wakati mbaya zaidi wa kupewa kazi hiyo ni vigumu kuubuni. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya, ambao kwa watu wa Mwanga uko palepale Ziwa Jipe, ulikuwa umefungwa. Vita vya Kagera vilikuwa vimegharimu takriban dola milioni 500. Mafuta yalikuwa yamepanda tena mwaka 1979. Mwaka huohuo Edwin Mtei, Waziri wa Fedha, alijiuzulu kwa sababu alitaka nchi ikubaliane na Shirika la Fedha la Kimataifa na Nyerere hakutaka. Mwalimu aliuliza hadharani tangu lini shirika hilo limekuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Kwa hiyo Msuya alipokea serikali isiyo na fedha za kigeni, na mlango wa kuzipata ukiwa umekomewa kwa ndani na bosi wake.

Waliokuwa watu wazima miaka hiyo hawahitaji kukumbushwa. Sabuni ya kufulia ilikuwa ya kupanga foleni, kisha kuandikwa jina, kisha kuambiwa imekwisha. Sukari, mafuta ya kula, khanga, betri za redio: vyote viliadimika. Unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, ukawa chakula na ukawa kichekesho. Maduka ya ushirika yalikuwa na rafu safi kabisa kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuzichafua. Upare, ambako watu wana makande yao na migomba yao, njaa haikuwa kali kama mjini, lakini chumvi na kiberiti havioti shambani, na mpaka uliofungwa ulikuwa na vichochoro vyake usiku.

Serikali ilitangaza Mpango wa Taifa wa Kujihami Kiuchumi mwaka 1981, ukafuatiwa na mpango wa kurekebisha uchumi mwaka 1982. Wa kwanza ulikuwa ndoto ya kuongeza mauzo ya nje bila kuwa na magari, vipuri wala mafuta ya kuyasafirisha mazao. Wa pili ulikuwa na akili zaidi, ila haukuwa na fedha, kwa kuwa wafadhili walisema wazi wanasubiri makubaliano na shirika lile lile. Joto likapanda hata kisiasa. Februari 1982 vijana waliteka ndege ya Shirika la Ndege Tanzania na kuifikisha Uingereza wakidai Nyerere ajiuzulu. Januari 1983 watu walikamatwa kwa njama za kuipindua Serikali. Tarehe 24 Februari 1983 Msuya alipumzishwa uwaziri mkuu. Sokoine akarudi, na wiki chache baadaye vita dhidi ya wahujumu uchumi vikaanza, sabuni zikitupwa mitoni na vitambaa vikikutwa vichakani.

Kwa mwanasiasa wa kawaida huo ungekuwa mwisho. Msuya alirudishwa Fedha, na naona miaka sita iliyofuata ndiyo iliyomfanya astahili kukumbukwa.

Bajeti ya 1983 ilikuja na kodi ya maendeleo. Kila mtu mzima alipe, na mgambo wakaanza kuwavizia watu njiapanda wakidai stakabadhi, mchezo uliodumu hadi kodi hiyo ilipofutwa mwaka 2003. Bajeti ya Juni 1984 ilikwenda mbali zaidi. Ruzuku ya sembe ikaondolewa, shilingi ikashushwa kutoka takriban 12 hadi 17 kwa dola moja, na ada za shule za sekondari zikarejeshwa. Halafu kikawekwa kipengele ambacho kwenye karatasi kilionekana kidogo: mwenye fedha zake za kigeni, popote alipozipata, aruhusiwe kuagiza bidhaa, na asiulizwe sana.

Hapo ndipo nchi ilipobadilika. Katika miezi michache mitumba ikafurika, dawa za meno zikaonekana, malori ya Isuzu yakaanza kupanda mlima. Watu wamezoea kumpa sifa hizo Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa, naye alistahili sehemu yake kubwa. Lakini Nyerere bado alikuwa Ikulu, Mwinyi bado alikuwa Zanzibar, wakati Msuya aliposimama bungeni na kukisoma kile kipengele. Jinsi Mwalimu alivyokubali ni swali ambalo wachumi hulizungumza hadi leo. Sokoine alikuwa amefariki Aprili mwaka huo katika ajali ya barabarani Dakawa, Morogoro. Uhaba ulikuwa umemshinda kila mtu. Na mtu aliyeleta pendekezo hilo hakuwa na sura ya mpinzani. Alikuwa mtumishi mtiifu, aliyetoka kujenga viwanda vya ujamaa, akija na jedwali la takwimu. Mtei aligonga meza akatoka. Msuya alibaki chumbani, akasubiri miaka minne, akaipitisha sehemu kubwa ya yaleyale.

Mwinyi alipoapishwa kuwa Rais Novemba 1985 alimwongezea mzigo: Fedha, Uchumi na Mipango, vyote katika wizara moja. Juni 1986 shilingi ikashushwa tena, kutoka 17 hadi 40 kwa dola. Agosti makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa yakatiwa saini, na Programu ya Kufufua Uchumi ikaanza. Fedha za wafadhili zikarudi, mazao yakapata bei, maduka yakajaa. Mshahara wa mwalimu, kwa upande mwingine, ukawa hautoshi hata wiki mbili, na mwisho wa mwaka 1988 dola ilikuwa imepita shilingi 100. Ndani ya CCM, ambako Nyerere aliendelea kuwa mwenyekiti hadi 1990, palikuwa na watu waliomwona Waziri wa Fedha kama wakala wa mabeberu. Mtaani watu walimwona kama mtu wa kukaza mikanda ya wengine.

Kufikia 1990 alikuwa amerudi Viwanda, safari hii pamoja na Biashara. Kejeli ya jambo hili haihitaji maelezo mengi: sheria ya 1992 ilifungua njia ya kuyauza mashirika ya umma, na aliyekuwa waziri wa viwanda ni yule yule aliyevisimamia vikijengwa.

Desemba 1994 akaitwa tena. Suala la serikali ya Tanganyika, lililoibuliwa bungeni na wabunge 55, lilikuwa limemkasirisha Nyerere kiasi cha kuandika kitabu kumkosoa Waziri Mkuu John Malecela, na misamaha ya kodi iliyotolewa kiholela ilikuwa imewafanya wafadhili wazuie misaada. Mwinyi akapangua baraza. Malecela akaondoka, Msuya akawa Waziri Mkuu na Makamu wa Kwanza wa Rais kwa miezi takriban kumi na miwili. Ni Kawawa, Sokoine na yeye pekee waliowahi kukishika kiti hicho mara mbili. Malecela, tukiwa hapo, ni mkwe wa Upare: mkewe, Anne Kilango, aliiwakilisha Same Mashariki bungeni kwa vipindi kadhaa na kuwa mmoja wa sauti kali za CCM dhidi ya ufisadi. Milima hii si mikubwa. Siasa za Tanzania zina tabia ya kukutana njiani humo.

Mwaka wenyewe haukuwa wa kulala. Wakimbizi wa Rwanda walikuwa wamejaa Ngara, na nchi ilikuwa inaelekea uchaguzi wake wa kwanza wa vyama vingi tangu chama kimoja kiwekwe kisheria. Na Msuya mwenyewe akaamua kuwania.

Mkutano Mkuu wa CCM uliokutana Dodoma Julai 1995 uliletewa majina matatu: Benjamin Mkapa, Jakaya Kikwete na Cleopa Msuya. Duru ya kwanza Kikwete akapata kura 534, Mkapa 459, Msuya 336. Kwa kuwa hakuna aliyevuka nusu, wa tatu akatoka, na katika duru ya pili Mkapa akashinda kwa 686 dhidi ya 639. Ukizitazama hesabu hizo kwa jicho la Kipare, kura za Msuya ndizo zilizoamua. Mkapa aliongeza 227, Kikwete 105.

Kwa nini yeye hakupita? Alikuwa na umri wa miaka 64, mkubwa kuliko wenzake wote wawili. Alikuwa ameshika hazina katika miaka ambayo kila mtu alikumbuka alivyobanwa. Nyerere, ambaye neno lake lilikuwa bado linahesabika kuliko kura mia, alimtaka Mkapa. Na ni kweli vilevile kwamba mtu aliyepanda miaka thelathini kwa kuteuliwa hakuwa na jeshi lake ndani ya chama. Wajumbe wanampigia mtu aliyewahi kulala nyumbani kwao, aliyewahi kuwatatulia shida, anayejua jina la mtoto wao. Mwenye faili anaheshimiwa tu.

Isipokuwa Mwanga. Huko alikuwa mbunge hadi alipostaafu siasa mwaka 2000, na huko alijua hata majina ya watoto. Wilaya ya Pare iligawanywa mwishoni mwa miaka ya 1970, Same ikabaki na kusini na Mwanga ikachukua kaskazini. Wilaya changa yenye vijiji vilivyoning'inia mlimani ikajikuta ina barabara, simu na umeme mahali ambapo wilaya kubwa za nchi hazikuwa navyo. Sekondari zikaota kwa msaragambo, wananchi wakichangia tofali na Serikali ikiombwa mwalimu. Watu wa Mwanga walimwita baba wa maendeleo yao. Watu wa kwingine, hata Same, waliuliza kwa nini nguzo za umeme zilijua njia ya kwenda Usangi kabla ya kwingineko. Swali hilo lina uzito, na watetezi wake wana jibu lenye uzito pia: kwamba watu waliochimba mitaro wenyewe na kuchanga fedha wenyewe hufikiwa na mradi mapema. Yote mawili yaweza kuwa kweli.

Maji ndiyo yaliyokawia. Bwawa la Nyumba ya Mungu liko bondeni, linaonekana kutoka milimani, lakini kwa miongo mingi miji ya Mwanga na Same ilikaa na kiu ikilitazama. Mradi mkubwa wa kuyachukua maji hayo kuyapeleka Mwanga, Same na hadi Korogwe ulizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Machi 2025.

Katika uzee Msuya aliendelea kutajwa kwenye magazeti kama mzee wa ushauri, akawa Mkuu wa Chuo Kikuu Ardhi, akaja kwenye mahafali kwa joho na kofia kuwatunuku vijana shahada za upimaji na mipango miji. Hakuwa na vijembe kwa serikali zilizomfuata. Alifariki tarehe 7 Mei 2025 katika Hospitali ya Mzena, Dar es Salaam, akiwa na miaka 94. Taifa lilitangaziwa siku saba za maombolezo, bendera zikapepea nusu mlingoti, naye akapandishwa zile kona kutoka Mwanga hadi Usangi, akazikwa kwao.

Hotuba za msiba zilimsifu kwa uadilifu na kwa kuijenga nchi, kama hotuba hizo zinavyopaswa. Chache ziligusa bajeti ya Juni 1984. Pengine kwa sababu chama tawala hakijawahi kukaa chini kuamua kama bajeti ile iliuokoa ujamaa au iliuzika, na kwa sababu mtu aliyeisoma hakuwahi kujitokeza hadharani kudai kwamba ilikuwa yake.